Nyumba moja, fasi mbili: historia ya bwana na bibi wanaoishi mbali kwa ajili ya kazi



Kwenye mikutano yetu kuko ulizo moja linalorudi kila mara mama anapokuja kujiandikisha peke yake: "Bwana yako iko wapi?" Akijibu kwamba bwana yuko Oicha kwenye shamba la kakao, ao Bunia kwenye biashara, ao ni mwalimu kule Eringeti na yeye ni muuguzi hapa mjini, kuko wenye kutikisa kichwa. Wanasema vita imevunja nyumba. Wanasema zamani bwana na bibi walilala chini ya paa moja, na leo kila mmoja ana mji wake.

Sisi hatutaki kupunguza ubaya wa vita. Karibu kila mmoja wetu alikimbia, na kila mmoja anajua alichoacha njiani. Lakini ile neno "zamani" tunapaswa kuliangalia vizuri. Nyumba ya fasi mbili haikuzaliwa Oktoba 2014. Babu zetu waliijua, mama zetu waliiendesha, na sehemu kubwa ya mali iliyojenga Butembo na Beni ilipita mikononi mwa watu walioonana mara chache kwa mwaka. Kilichobadilika ni nani anaamua kwamba bwana na bibi watengane, na nani anayelipa. Njo maana tunaandika historia hii.

Kodi, migodi na karatasi ya ruhusa

Tuanze na wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, ambayo wazee waliita MGL tu, ilianzishwa mwaka wa 1923, na mji wa Butembo ulikua kutoka kituo chake cha kazi. Upande wa kaskazini, kule Ituri, kulikuwa migodi ya zahabu ya Kilo-Moto. Migodi ilitaka mikono ya wanaume. Leta ya kikoloni ilitaka kodi, na kodi ilidaiwa kwa mwanaume mzima, tena kwa franga, si kwa maharagi wala kwa mbuzi. Mwanaume wa milima ya Lubero asiye na franga alikuwa na njia mbili: auze kitu, ao auze nguvu zake.

Akienda kuuza nguvu, bibi alibaki. Hakubaki kwa sababu ya uvivu wala kwa kukosa hamu ya kumfuata bwana. Alibaki kwa sababu ya udongo. Kwetu milimani shamba linashikwa na mtu anayelilima na anayempelekea mwenye udongo muhako wake. Shamba lililoachwa misimu michache linapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo bibi aliyebaki alikuwa mlinzi wa haki ya nyumba nzima. Bwana alipata franga za kodi, bibi alishika udongo. Na kuhama hakukuwa huru: mwanaume aliyetaka kukaa muda mrefu nje ya eneo lake alihitaji karatasi iliyoitwa passeport de mutation. Kumleta bibi na watoto pamoja naye lilikuwa jambo la karatasi juu ya karatasi.

Si kila kampuni ilifanya sawasawa. Kule Katanga, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuleta wanawake kambini, kujenga nyumba za familia, masomo na hospitali. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilikuwa imepiga hesabu: kutafuta wanaume wapya kila mara na kuwafundisha kazi upya kunakula franga nyingi kuliko kulisha familia. Afrika ya Kusini migodi ya zahabu ilipiga hesabu nyingine, ikaendelea kuwalaza wanaume peke yao kwenye makambi, na wake zao wakabaki vijijini miaka na miaka. Tunaona basi kwamba tangu mwanzo, mtu alale na bibi yake ao asilale naye halikuwa jambo la mapendo peke yake. Lilikuwa kwenye daftari la mwenye kazi.

Kisha likaja jambo la wake wengi. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia mwaka wa 1951. Mwanaume aliyekuwa na bibi mlimani na mwingine mjini alijikuta na mmoja tu anayejulikana na Leta. Sheria haikuondoa tabia. Iliitoa tu kwenye karatasi. Miaka mingi baadaye Wakongomani walipata jina la mwanamke huyo wa mjini asiye na karatasi: biro ya pili. Tutarudi kwake, kwa sababu historia ya nyumba za fasi mbili haiwezi kusemwa kweli bila yeye.

Kamba moja, miisho miwili

Baada ya uhuru wa 1960 na uasi wa 1964, milima ya Lubero na Butembo iliingia katika biashara iliyoifanya ijulikane nchi nzima: mboga. Baridi yetu inakubali vitunguu, viazi, karoti, mashu na maharagi. Kisangani, mji wa joto kando ya mto mkubwa, haivipati kwa urahisi. Kati ya Beni na Kisangani kuko zaidi ya kilomita 700, kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, ndani ya pori. Wakati wa mvua kamio ilikwama siku nyingi ndani ya matope.

Fikirini sasa shida ya mfanyabiashara. Viazi vinaoza. Bei ya Kisangani inabadilika kabla ya habari kufika Butembo. Benki ilikuwa mbali, na kisha benki yenyewe ikakosa kuaminika. Krismasi ya mwaka wa 1979 Leta ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifanyi kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Waliokuwa na franga ndani ya sanduku waliamka maskini. Tangu hapo mfanyabiashara mwenye akili hakulaza franga: aliuza mboga Kisangani, akanunua bidhaa palepale, na kamio ikarudi imejaa.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja akae kwenye chanzo, akusanye mazao kijiji kwa kijiji, aamue lini kupakiza. Mwingine akae kwenye soko, apokee, auze upesi, anunue mzigo wa kurudisha. Kati yao hakuna karatasi wala tribinali. Kuko neno tu. Na nani unaweza kumwachia mali yako yote kwa neno tu? Ndugu, ndiyo. Lakini ndugu ana nyumba yake ya kulisha. Bwana na bibi wana watoto wamoja, na hasara ya mmoja ni njaa ya mwingine. Njo maana katika familia nyingi bwana alikaa miezi Kisangani na bibi akaendesha upande wa Butembo. Katika nyingine ilikuwa kinyume: mama ndiye aliyepanda juu ya mizigo, na bwana, mwalimu ao mkulima, ndiye aliyebaki na watoto. Mtafiti Janet MacGaffey, katika kitabu alichotoa mwaka wa 1987 juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, aliandika juu ya Wanande hao na pia juu ya wanawake waliojijenga kwa biashara ya mbali bila kungojea msaada wa Leta.

Tunapenda wanachama wetu wakumbuke jambo hilo. Wakati Mobutu alipotangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya Wazairwa, fasi nyingi waliopewa maduka waliuza kilichokuwa ndani, na rafu zikabaki tupu. Mali ya wauza mboga ilikuwa tofauti. Haikugawiwa na mtu. Ilijengwa kwa kamba iliyoshikwa na mikono miwili, kila mmoja kwenye mwisho wake, na kamba hiyo mara nyingi ilikuwa ndoa.

Fonia

Walisikilizana namna gani? Vijana wa leo, wenye simu mbili ndani ya mfuko mmoja, hawawezi kufikiri. Barua ilipewa dereva. Ilifika, ao haikufika. Kisha ikaja fonia, ile redio ya kupokea na kutuma, kwenye parokia, kwenye mashirika na kwa wafanyabiashara. Ulienda saa iliyopangwa, ukalipa, ukangoja zamu yako, ukaongea ndani ya kipaza sauti mbele ya watu wote waliongoja. Na si wao peke yao: kila mwenye mashini kwenye mkondo huo, toka Kisangani hadi Goma, alisikia.

Bwana na bibi walijifunza kuongea kwa fonia kama watu wanaocheza karata huku wengine wanachungulia. Bei zilisemwa kwa mafumbo. Ugonjwa wa mtoto ulisemwa kwa maneno machache. Mapendo hayakusemwa kabisa, ao yalisemwa kwa njia ya mzigo: anayeuliza mara mbili kama samaki ya chumvi imefika salama, anauliza kitu kingine. Tulilelewa na watu wa namna hiyo, na labda njo maana wengi wetu, hata leo tukiwa na simu, tunaongea na wake zetu na waume zetu kama tunaogopa kusikiwa.

Simu za mkononi zilifika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha, tangu 2012, M-Pesa ya Vodacom na huduma nyingine za namna hiyo zikaanza kupeleka franga kwa simu. Mambo mawili yalibadilika mara moja. Bibi aliyebaki hakungoja tena kamio ili kulipa masomo ya watoto. Na bwana aliyeko mbali hakuweza tena kusema kwamba franga zilitumwa na dereva akazila.

Mwanamke aliyeongoza depo bila sahihi

Tangu miaka ya 1980 barabara ya Kasindi ilizidi kuwa mlango wetu. Kutoka Beni mpaka mpaka wa Uganda ni karibu kilomita 80. Kisha Kampala, Nairobi, bandari ya Mombasa. Kahawa na zahabu zilitoka, vitambaa na vipuri viliingia. Baadaye wafanyabiashara wa Butembo walipanda ndege wenyewe: Dubai kwanza, kisha Guangzhou na miji mingine ya Asia. Wasioweza kujaza kontena peke yao walijiunga, kila mmoja na sehemu yake. Safari moja iliweza kula mwezi ao miwili. Wengine waliacha mtu kule wa kudumu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa kijana wa familia, mara nyingine bwana mwenyewe.

Nani alibaki akiongoza depo? Mama. Alipokea kontena, alilipa wapakuzi, alikopesha wachuuzi wa Beni na Lubero, alijua nani analipa na nani anakimbia. Lakini mbele ya sheria, mama huyo alikuwa kama mtoto. Kode ya familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, ilisema katika kifungu cha 444 kwamba bwana ndiye mkubwa wa nyumba na bibi anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa tendo la kisheria ambalo atajifunga kulitimiza mwenyewe. Na sheria ileile ilimlazimisha bibi kukaa na bwana na kumfuata fasi yoyote bwana anapoona vizuri kukaa.

Angalieni namna sheria na maisha vilipishana. Bwana yuko Dubai. Akaunti, mkopo, mkataba wa nyumba ya kupanga, vyote vinauliza ruhusa ya bwana. Wengine walibeba karatasi yenye sahihi iliyoandikwa mbele, tayari kwa kila kitu. Wengine walifanya kazi bila karatasi kabisa, kwa jina la bwana, ao kwa jina la mtoto wa kiume. Mali ilikua mikononi mwa mwanamke na kuandikwa kwenye jina la asiyekuwepo. Kama bwana alikuwa mtu wa haki, hakuna aliyeona tofauti. Kama alikufa mbali, ao alileta biro ya pili, ndipo mama alijua kwamba miaka 15 ya kazi yake haina hata herufi moja ya jina lake.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilirekebisha kode hiyo na kuondoa ruhusa ya bwana. Leo mwanamke aliyeolewa anaweza kufungua akaunti, kusaini mkataba na kwenda tribinalini kwa jina lake. Tunaandika hivi kwa herufi wazi kwa sababu kuko wanachama wetu, wanawake na wanaume, ambao bado wanaambiwa kwenye madirisha ya ofisi: "Rudi na bwana." Apana. Tangu 2016 si lazima.

Mstari ndani ya nchi

Biashara ilitenganisha watu, lakini iliwaachia njia ya kurudi. Vita vya 1998 vilifunga njia. Nchi ilikatwa vipande: Kinshasa kwa serikali yake, Goma na Kisangani kwa RCD-Goma, na kwetu Beni na Butembo chini ya RCD-K/ML. Mwalimu aliyekuwa anasoma Kisangani, fonksionere aliyekuwa amehamishiwa Kinshasa, mfanyabiashara aliyekuwa ameshusha mzigo Kindu, wote waliamka upande mwingine wa mstari. Mshahara haukupita. Barua haikupita. Mtu aliyetaka kufika Kinshasa kutoka Butembo alizunguka kupitia Uganda na nchi nyingine, kama anaenda ng'ambo. Hali ilidumu mpaka mapatano yaliyotiwa sahihi Pretoria Desemba 2002 na serikali ya mpito ya katikati ya 2003.

Miaka hiyo ilitufundisha tofauti ambayo lugha yetu haina majina mawili kwa ajili yake. Kuko kutengana kwa kupanga, na kuko kutengana kwa kukatwa. Kwa wa kwanza, watu wawili waliketi, wakahesabu, wakakubaliana. Kwa wa pili, hakuna aliyeulizwa. Kutoka nje vinafanana: bwana hayupo, bibi yuko peke yake na watoto. Ndani havifanani hata kidogo.

Kuko pia jambo jema ambalo tusilisahau. Université Catholique du Graben ilifunguliwa Butembo mwaka wa 1989, na baada yake masomo mengine ya juu. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuwa daktari ao mwanasheria alienda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa, miaka mingi. Kusoma karibu kulizipunguzia nyumba nyingi utengano. Lakini kulizaa aina mpya pia: nyumba ambamo bwana na bibi wote wana diploma. Muuguzi anapata kazi kwenye zone ya afya moja, mwalimu kwenye shule ya eneo lingine, na Leta haiwaulizi kama wana mtoto wa kunyonya. Zamani bibi wa fonksionere alifuata mizigo ya bwana. Leo ana kazi yake, na kuiacha ni kuacha matrikule ambayo labda aliingojea miaka. Hao si watu waliogombana. Ni watu wawili wanaofanya kazi.

Shamba na mji

Julai 2013, Kamango ilishambuliwa, na watu makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Bundibugyo, Uganda. Wengi walipitia kambi ya Bubukwanga. Oktoba 2014 mauaji yakaanza pembeni ya mji wa Beni na kwenye barabara ya Mbau, Oicha na Eringeti. Hatuna haja ya kuwaelezea yaliyofuata. Wengi wetu ni watu wa barabara hiyo.

Kilichokuja baada ya kukimbia kilikuwa nyumba ya fasi mbili kwa namna mpya. Chakula na franga viko shambani. Usalama, ao kiasi fulani cha usalama, uko mjini. Kakao haingoji amani. Ikiiva inavunwa, inachachushwa, inakaushwa, la sivyo inaibwa ao inaoza. Kwa hiyo mmoja anarudi kulala karibu na shamba, mwingine anabaki Beni ao Butembo na watoto, anauza makala, unga, sombe, chochote. Babu alienda Kilo-Moto na bibi akashika udongo. Leo mara nyingi bwana ndiye anayeshika udongo, na bibi ndiye anayetafuta franga mjini. Kazi zimegeuka, lakini udongo bado unadai mlinzi wake.

Kisha ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Uliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo letu na Ituri. Watu wa kutosha walipata pia kazi ya miezi katika kazi za kupambana na ugonjwa, mbali na nyumba zao. Waliorudi walikuta jirani wanaogopa kuwapa mkono. Tangu mwanzo wa 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, ofisi za jimbo zimekaa hapa Beni. Mji wetu umejaa wafanyakazi wa Leta ambao familia zao zilibaki upande ule. Wanatazama barabara ya Kanyabayonga kama wazee wetu walivyotazama barabara ya Kisangani mwaka wa 1999. Sisi tuliokwisha kukatwa namna hiyo tunajua kuwapokea.

Kilichoshika na kilichovunjika

Tukiangalia miaka hii 100, nyumba zilizoshika hazikuwa zile za watu wenye subira kuliko wengine. Tunaona mambo matatu.

La kwanza, siku ya kurudi ilijulikana. Muuza mboga alirudi na kamio. Mnunuzi wa Dubai alirudi na kontena. Mtu anaweza kungoja miezi mitatu inayohesabika kuliko wiki mbili zisizo na mwisho. Nyumba nyingi zilivunjika palipokuwa "nitakuja nikipata nafasi."

La pili, hesabu ilikuwa wazi pande zote mbili. Biashara ya mboga ilimlazimisha kila mmoja amwonyeshe mwenzake bei na mzigo. Palipofichwa mshahara, ao mavuno, ndipo biro ya pili ilipata fasi ya kukaa. Tusimtupie yule mwanamke lawama zote. Mara nyingi yeye naye aliambiwa kwamba yule bibi wa mlimani amekwisha kufa.

La tatu, kulikuwa mashahidi. Mbuzi za mahari zilikuwa zimeliwa na watu wanaojulikana. Wakwe, parokia, jumuiya ya likelemba walikuwa na haki ya kuuliza. Vita ilitawanya mashahidi hao. Babu mkwe yuko Bundibugyo, shangazi yuko Goma, paroko amehamishwa. Bwana na bibi wa leo wanatengana bila mtu wa tatu wa kuwauliza "Muko namna gani?", na hilo ndilo vita vilivyochukua kweli.

Tunaomba nini

Kwa wanachama: kama ndoa yenu ilifungwa katika familia tu, ipelekeni kwa eta-sivil iandikwe. Bibi aliye na karatasi hatafukuzwa kirahisi kwenye nyumba bwana akifa mbali. Kode inampa haki ya kukaa ndani yake. Andikeni shamba, kioski, akaunti kwa majina mawili. Na pangeni tarehe ya kuonana, hata kama ni ya mbali, mkaishike kama mnavyoshika siku ya kulipa likelemba.

Kwa AVEC na vikundi vyetu: muwe mashahidi. Mwanachama aliye peke yake mjini asiulizwe maulizo ya kumwaibisha. Aulizwe habari ya mwenzake, kama tunavyouliza habari ya mtoto anayesoma mbali.

Kwa ndugu wafadhili: orodha za misaada zinahesabu watu walioko mlangoni siku ya kuhesabu. Mama anaandikwa "peke yake", na siku bwana akionekana anaitwa mwongo. Bwana aliyeko karibu na shamba anaandikwa kama kijana asiye na familia, anakosa mbegu na shitingi. Nyumba moja inageuka nyumba mbili za kubahatisha, kila moja ikiwa na nusu ya ukweli. Tunaomba kadi moja yenye majina mawili na fasi mbili: huyu yuko Beni, huyu yuko Oicha, watoto ni hawa. Tunaomba pia kwamba franga za usafiri wa kuonana zihesabiwe kati ya mahitaji ya kweli ya familia inayorudi. Safari ya Oicha kwa pikipiki si matembezi. Union Minière ilipiga hesabu ikaona kwamba familia iliyo pamoja inagharimu kidogo kuliko iliyovunjika. Kama kampuni ya kikoloni iliweza kupiga hesabu hiyo kwa faida yake, sisi na ninyi tunaweza kuipiga kwa ajili ya watu.

Kurudi nyumbani hakuishii siku mtu anapofungua mlango wa nyumba yake ya zamani. Kuko familia ambazo zitarudi kwa vipande: shamba mwaka huu, masomo mwaka kesho, bwana na bibi chini ya paa moja siku barabara itakapotulia. Tunawaomba muwahesabu tangu sasa kama familia nzima, kwa sababu wao wenyewe hawajaacha kujihesabu hivyo.